Kila Tarakimu na Hati Yake: Kuandika Historia ya Uchaguzi ya Mkoa wa Pwani

Ukiuliza Mkoa wa Pwani ulimpa nani kura nyingi za urais mwaka 2007, utajibiwa haraka: Raila Odinga. Ukiuliza vivyo hivyo kuhusu mwaka 2013 utatajiwa jina lilo hilo, tena kwa haraka ile ile, lakini majibu hayo mawili hayana uzito mmoja. Mwaka 2007 mkoa ulikuwa kipimo cha kikatiba. Kura za Pwani zilijumlishwa peke yake kwa sababu sheria, tangu 1992, ilimtaka mshindi wa urais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane ya Kenya. Mwaka 2013 hesabu hiyo haikuwapo tena. Katiba ya 2010 ilikuwa imeleta kaunti 47, na sharti la robo likahamia kwenye zaidi ya nusu ya kaunti hizo. Kwa hiyo jumla ya "Pwani" ya 2013 haikutokana na sheria yoyote. Ni jumla anayoitengeneza mwandishi mwenyewe kwa kuzikusanya kaunti sita za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kuitengeneza si kosa. Kosa ni kuipanga safu moja na ile ya 2007 kana kwamba zimetoka mkono mmoja.

Makala haya yanamlenga mwalimu anayewaandalia wanafunzi somo la siasa za nyumbani kwao, mwandishi wa habari wa kaunti anayetaka kueleza matokeo mapya kwa kuyaweka mbele ya yale ya zamani, na yeyote anayekusudia kuandika kijitabu cha historia ya uchaguzi wa Pwani au wa mkoa mwingine wowote. Nimechagua Pwani kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila mtego wa kazi hii. Hoja yangu ni kwamba tarakimu ya uchaguzi haina maana mpaka ifuatane na hati yake: ilihesabiwa ndani ya mpaka gani, nani aliruhusiwa kupiga kura, imegawanywa kwa namba ipi, na nani aliitia saini. Tarakimu iliyovuliwa mambo hayo yaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikampotosha msomaji, maana hana njia ya kuihakiki wala ya kuilinganisha na nyingine.

Anza na mpaka, kabla ya chama na kabla ya mshindi. Katika uchaguzi wa 2007 Pwani ilikuwa na maeneobunge 21. Mwaka 2013 yalikuwa 26, kwa kuwa viti vya maeneobunge nchini viliongezeka kutoka 210 hadi 290. Matano hayo ya ziada hayakutoka hewani. Changamwe ilitoa Jomvu, Kisauni ikatoa Nyali, Msambweni ikatoa Lunga Lunga, Kaloleni ikatoa Rabai, na Bahari ikapotea jina kabisa, nafasi yake ikachukuliwa na Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini. Sasa mtazame mwandishi anayechora jedwali la Kisauni tangu 1997 hadi 2022 kwa mstari mmoja usiokatika. Msomaji ataona idadi ya kura ikibadilika ghafla kati ya 2007 na 2013, na atadhani watu walisusa, au walihama, au chama kilikufa. Kumbe nusu ya habari iko Nyali. Dawa yake ni kuijumlisha Kisauni na Nyali ya 2013 unapotaka kuilinganisha na Kisauni ya 2007, na kuandika chini ya jedwali kwamba umefanya hivyo. Hata hapo usiridhike na majina. Soma amri ya mipaka ya mwaka 2012 iliyotoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, inayotaja wadi kwa wadi, uone kama kuna wadi iliyovuka mpaka ikaenda kwa jirani. Kwa wilaya nako kuna mtego wake. Mwaka 2007 Malindi ilihesabiwa kuwa wilaya kamili yenye maeneobunge mawili, Malindi na Magarini. Leo yote mawili yamo katika Kaunti ya Kilifi, kwa sababu kaunti zilifuata wilaya zilizokuwapo mwaka 1992. Anayelinganisha "Kilifi" ya 2007 na "Kilifi" ya 2013 bila kulijua hilo analinganisha maeneobunge matatu na saba.

Baada ya mpaka, mpiga kura. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, viti vinane kwa nchi nzima, na Ronald Ngala akapata kile cha Pwani. Lakini haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato, mali na sifa nyingine za namna hiyo, na mtu aliyekuwa na sifa kadhaa aliweza kuwa na kura hadi tatu. Ina maana kwamba idadi ya kura ya 1957 si idadi ya watu, na asilimia ya Ngala haiwezi kusomwa kama asilimia ya mgombea wa leo. Mei 1963 haki hiyo ilikuwa imepanuka, na wananchi walichagua mabaraza ya majimbo, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Chama cha KADU kilishika baraza la Pwani na Ngala akawa rais wa baraza hilo, huku suala la Mwambao, yaani mustakabali wa ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, likiwa halijamalizwa hadi makubaliano ya Oktoba mwaka huo. Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe na wabunge wake wakaingia chama cha KANU. Mchoro unaoionyesha KADU ikishuka hadi sifuri bila maelezo unamfanya msomaji aamini kwamba wapiga kura wa Pwani waliikataa, na hilo halikutokea katika sanduku lolote la kura.

Kipindi cha chama kimoja kinataka uangalifu mkubwa zaidi. Kenya ilifanya uchaguzi mkuu mwaka 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988, lakini katika chaguzi hizo zote rais hakuwa na mpinzani na hakuna kura ya urais iliyopigwa. Nimeona majedwali yanayojaza nafasi hiyo kwa asilimia 100. Huo ni uzushi, hata kama aliyeandika hakukusudia. Mahali ambapo hakuna aliyepiga kura hapawezi kuwa na asilimia. Andika "hakupingwa" na uache nafasi ya tarakimu wazi. Ubunge uligombaniwa, tena mara nyingine kwa ukali na kwa mawaziri kuangushwa, kwa hiyo usimdharau mpiga kura wa miaka hiyo kwa kuufuta uchaguzi wake. Hata hivyo mwaka 1988 ulikuja na mlolongo. Wanachama wa KANU walijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, maofisa wakawahesabu, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Hesabu ya mlolongo ni ya vichwa uwanjani; watu wakishatawanyika hakuna karatasi ya kurudi kuihesabu upya. Pia iliwahusu wanachama wa chama, si kila aliyeandikishwa kupiga kura. Basi katika jedwali lako matokeo ya mlolongo yapewe alama yake, yasichanganywe na ya debe, na msomaji aelezwe kwa sentensi mbili utaratibu ulikuwaje. Kifungu cha katiba kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kiliingizwa 1982 na kuondolewa Desemba 1991, na tarehe hizo ni vema zionekane kwenye ukurasa huo huo wa jedwali, zisizikwe kwenye maelezo ya mwisho wa kitabu.

Jambo la tatu ni namba inayogawanya, na hapa hata mwandishi makini huteleza. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433. Ni asilimia ngapi? Ukizigawanya kwa kura zote zilizopigwa, 12,330,028, zikiwemo zilizokataliwa, utapata asilimia 50.07. Ukizigawanya kwa kura halali peke yake, 12,221,053, utapata 50.51. Zote mbili zimeandikwa mahali pengi, na zote mbili ni hesabu safi. Tume ya uchaguzi ilitangaza ile ya kwanza. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Machi 2013, ilisema kura zilizokataliwa zisiingizwe katika kukokotoa asilimia ya mgombea. Tofauti ni ndogo, lakini kwa mgombea anayetafuta nusu na kura moja ni kubwa vya kutosha kuamua kama kuna duru ya pili. Chagua msingi mmoja, utaje juu ya safu, na uutumie kwa miaka yote unayoweza. Kiwango cha waliojitokeza nacho ni hesabu nyingine: huko wagawanywao ni waliopiga kura na kigawanyi ni walioandikishwa, wala si watu wazima wote. Sajili iliyojaa marehemu hushusha kiwango hicho bila mtu yeyote kukaa nyumbani.

Na usiwahi kupata asilimia ya mkoa kwa kutafuta wastani wa asilimia za maeneobunge. Tuchukue mfano wa kubuni. Eneobunge dogo lina kura halali 20,000 na mgombea amepata asilimia 80, yaani kura 16,000. Kubwa lina kura halali 100,000 na amepata asilimia 40, yaani 40,000. Wastani wa 80 na 40 ni 60, na mtu ataandika kwa furaha kwamba mgombea huyo ameshinda kwa kishindo. Lakini kura zake ni 56,000 kati ya 120,000, ambazo hazifiki asilimia 47. Pwani ndiyo mahali hasa pa kuingia katika shimo hilo, kwa kuwa Lamu Mashariki ni kati ya maeneobunge yenye wapiga kura wachache kabisa nchini na Kisauni ni kati ya yale makubwa. Jumlisha kura kwanza, gawanya mwisho.

Hati hizo zapatikana wapi? Kwa chaguzi za karibuni jibu ni zuri kuliko watu wengi wanavyofikiri. Mwaka 2022 tume iliziweka wazi kwa umma picha za fomu 34A za urais kutoka vituo 46,229, kila mtu aweze kuzisoma. Chukua fomu moja uisome kwa utulivu. Juu kuna jina na namba ya kituo, wadi, eneobunge na kaunti. Kuna idadi ya walioandikishwa, kura zilizokataliwa, kura halali, kisha kura za kila mgombea. Chini kuna saini ya msimamizi wa kituo na za mawakala, pamoja na nafasi ya wakala asiyetia saini kueleza sababu. Jumlisha kura za wagombea uone kama zinalingana na kura halali. Ongeza zilizokataliwa uone kama jumla haizidi walioandikishwa. Kisha fuata namba hiyo hadi fomu 34B, ambamo msimamizi wa eneobunge ameorodhesha vituo vyake vyote, uone kama imehamishwa bila kubadilika. Kumbuka pia kwamba kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, hivyo shule ya msingi yenye wapiga kura 2,000 itakuwa na fomu tatu au zaidi. Anayechukua moja na kuandika "matokeo ya shule fulani" ameacha vyumba vingine nje. Fomu hizi zina majina mengine katika miaka mingine, na ngazi zake zilibadilika, kwa hiyo angalia kanuni za uchaguzi wa mwaka unaouandika kabla ya kutaja namba ya fomu.

Kadiri unavyorudi nyuma karatasi hupungua, nawe ubadilishe mwendo. Kwa 1992 na 1997 kuna majedwali ya tume ya uchaguzi ya wakati huo, kuna ripoti za waangalizi wa ndani na wa Jumuiya ya Madola, na kuna kitabu cha David Throup na Charles Hornsby kuhusu siasa za vyama vingi Kenya, ambacho kimepitia uchaguzi wa 1992 kwa undani mkubwa. Kwa miaka ya uhuru kuna kitabu cha George Bennett na Carl Rosberg kuhusu uchaguzi wa 1961, na makala ya Clyde Sanger na John Nottingham kuhusu ule wa 1963. Gazeti Rasmi la Serikali hukupa majina ya waliochaguliwa na tarehe; Hansadi hukuthibitishia nani aliapishwa. Nyaraka za Taifa jijini Nairobi zina barua na ripoti za wakuu wa mikoa na wilaya, na nyaraka za utawala wa kikoloni zimo pia Kew, London. Magazeti, Taifa Leo likiwemo, ni hazina kwa kampeni na kwa matokeo ya usiku ule, lakini namba iliyochapishwa asubuhi ya pili mara nyingi ni ya muda, kabla vituo vya mbali havijafika. Ukilazimika kuitumia kwa kuwa hakuna nyingine, andika tarehe ya gazeti na useme ni matokeo ya muda. Kitabu cha mtaalamu kikitofautiana na gazeti, usichague kwa kupenda; angalia kila mmoja ameitoa wapi tarakimu yake. Mara nyingi utagundua vitabu vitatu vinavyokubaliana vyote vilinakili jedwali moja, na hapo una shahidi mmoja, si watatu.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba kazi yote hii ni bure, kwa sababu takwimu rasmi zenyewe haziaminiki. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler kuchunguza uchaguzi wa 2007 ilihitimisha kwamba uchaguzi huo uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani hasa alishinda urais. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais wa Agosti 8, na ule wa marudio wa Oktoba 26 ulifanyika Odinga akiwa amejitoa. Lakini kutokana na hayo haifuati kwamba tuziache takwimu. Yanatudai tuseme ni takwimu za nani. "Tume ilitangaza kwamba" ni sentensi ya kweli hata pale kilichotangazwa kina mashaka. Kwa 2007 weka tarakimu za tume na, papo hapo, hukumu ya Kriegler. Kwa 2017 weka chaguzi zote mbili za urais, ule wa Agosti ukiwa na alama ya kufutwa, na usiupange ule wa Oktoba kama kielelezo cha mabadiliko ya mioyo ya watu. Kenyatta alitangaziwa zaidi ya asilimia 98 nchini kote, na idadi ya waliopiga kura ilishuka sana. Kumbuka pia kwamba uamuzi wa Septemba ulihusu urais tu. Magavana, maseneta na wabunge waliochaguliwa Agosti 8 walibaki na viti vyao, isipokuwa pale mahakama ilipoamua kesi ya kila mmoja. Mwandishi anayesema "uchaguzi wa 2017 ulifutwa" bila kuongeza neno amewavua uhalali viongozi ambao hakuna jaji aliyewagusa.

Uaminifu huo huo unatakiwa katika tarehe. Wengi wataandika kwamba Mombasa ilimchagua Abdulswamad Nassir kuwa gavana Agosti 9, 2022. Haikuwa hivyo. Uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na wa Kakamega uliahirishwa kwa sababu ya makosa katika karatasi za kura, ukafanyika Agosti 29, wakati mshindi wa urais alikwisha kutangazwa. Ni kampeni nyingine na foleni nyingine, na waliojitokeza walikuwa wengine pia. Kulinganisha kura za gavana huyo na za urais za kaunti hiyo kana kwamba mpiga kura alishika karatasi zote siku moja ni kosa la msingi. Chaguzi ndogo nazo huachwa nje kwa uvivu tu. Kisauni ilirudi debeni Desemba 2004 baada ya kifo cha mbunge wake, Karisa Maitha. Matuga ilirudi Julai 2010 baada ya mahakama kufuta ushindi wa Chirau Ali Mwakwere, naye akashinda tena. Malindi ilipiga kura Machi 2016, na Msambweni Desemba 2020, ambako Feisal Bader alishinda akiwa mgombea huru. Historia inayoruka kutoka uchaguzi mkuu mmoja hadi mwingine haiwezi kueleza kwa nini mbunge aliyemaliza muhula si yule aliyeuanza.

Ukifika kwenye ramani, jihadhari na macho yako mwenyewe. Katika sensa ya 2019 Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 na Tana River 315,943, lakini kwenye ramani Tana River imetanda kama bahari na Mombasa ni kama punje kando yake. Ukizipaka rangi za vyama, chama kilichoshika Tana River kitaonekana kimeumeza mkoa. Tumia duara zenye ukubwa wa idadi ya kura, au weka jedwali kando ya ramani, na rangi ziwe zile zile miaka yote. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni sababu. Fomu ya kituo haina safu ya kabila wala ya dini. Ukiona vituo vya eneo lenye Wagiriama wengi vimempa mgombea fulani kura nyingi, umejua jinsi vituo vilivyopiga kura, hujajua nani katika vituo hivyo alimpigia nani. Kuna maelezo mengine yanayoweza kuthibitishwa na yenye nguvu zaidi: mwaka 1992 Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kilinyimwa usajili, na wafuasi wake Mombasa wakaelekeza nguvu zao kwa chama cha FORD-Kenya; Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na ghasia zilizofuata zikawafukuza makwao watu wengi waliotoka bara; mwaka 2013 vuguvugu la Baraza la Jamhuri la Mombasa lilihimiza watu wasusie uchaguzi, na usiku wa kuamkia siku ya kura polisi waliuawa. Mambo haya yamo katika ripoti za tume, likiwemo jalada la Tume ya Akiwumi kuhusu ghasia za miaka ya 1990, na katika hukumu za mahakama. Yaandike kwa kutaja hati hizo, tena kwa heshima ya waliopoteza jamaa, na usiyageuze kuwa maelezo ya kila kura iliyopigwa.

Je, kumbukumbu za wazee hazina nafasi? Zina nafasi kubwa. Mzee aliyesimama kwenye mlolongo wa 1988 atakueleza nani alikuwa akitazama foleni, nani aliogopa kusimama nyuma ya nani, na jinsi foleni fupi ilivyotangazwa kuwa ndefu. Hakuna Gazeti Rasmi litakalokupa hayo. Usimwombe idadi ya kura, maana hapo ndipo kumbukumbu hukosea na ndipo hati huwa na nguvu. Andika siku na mahali mlipozungumza, muulize kama anakubali jina lake litajwe, na maneno yake yaonekane kuwa ni yake.

Atakuja mhariri aseme msomaji wa kawaida hataki alama na tanbihi, anataka kujua nani alishinda. Namwelewa, kwa kuwa ukurasa uliojaa tahadhari huchosha na msomaji aliyechoka huenda zake. Lakini tahadhari haihitaji urefu. Mstari mmoja juu ya jedwali, "Asilimia ni za kura halali, Pwani ya 2013 na kuendelea ni jumla ya kaunti sita iliyofanywa na mwandishi," unamaliza mambo mawili makubwa kwa sekunde chache za kusoma. Alama moja ya nyota kwa mlolongo, nyingine kwa uchaguzi uliofutwa, na neno "muda" kwa namba ya gazeti. Zaidi ya hapo weka nyuma kwa anayetaka kuhakiki. Wanaosema mkoa wenyewe umekufa, kwa hiyo hauna haja ya historia, wamesahau kwamba kwa nusu karne Pwani ilikuwa na mkuu wa mkoa wake na, tangu 1992, sehemu yake katika hesabu ya urais, na kwamba wanasiasa wa leo bado huhutubia "Wapwani" wanapotafuta kura. Eneo linaloombwa kura kwa jina hilo lina haki ya kuona rekodi ya kura lilizokwisha kutoa.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni achague eneobunge moja badala ya mkoa mzima. Achukue Taveta, kwa mfano, au Galole, alifuate kutoka 2022 kurudi nyuma, uchaguzi hadi uchaguzi, akijaza kwa kila mmoja tarehe, kiti, mpaka, walioandikishwa, kura halali, zilizokataliwa, wagombea wote na si mshindi tu, na chanzo. Hati yoyote ya mtandaoni aipakue na kuihifadhi zaidi ya mahali pamoja, na aandike siku aliyoipata. Tume iliyosimamia uchaguzi wa 2007 ilivunjwa mwaka uliofuata, na tovuti za taasisi hazidumu kuliko taasisi zenyewe. Atakapofika miaka ya 1970 atakuta safu ambazo hawezi kuzijaza. Aandike "haijapatikana", ataje majalada na magazeti aliyokwisha kuyapekua, ili anayemfuata aanzie kwenye jalada linalofuata.